Filamu Ikifika Hollywood Kabla ya Kuvuka Feri

Katika miaka mitano, kuanzia 2019 hadi 2023, Kenya ilipeleka filamu tano Hollywood kuwania Oscar katika kitengo cha filamu za kimataifa. Angalau tatu kati ya hizo zilikuwa na visa vya Pwani. Mwaka 2019 ilikwenda Subira ya Ravneet Sippy Chadha, kisa cha msichana wa Lamu anayetamani kuogelea baharini huku waliomzunguka wakiona bahari si mahali pake. Mwaka 2020 ikafuata The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, filamu ya maisha halisi kuhusu kijana aishiye Mombasa anayerudi kwao Kilifi baada ya nyanyake, ajuza wa miaka tisini na kitu, kuitwa mchawi kwenye Facebook. Mwaka 2023 zamu ikawa ya Mvera ya Daudi Anguka, mtengenezaji filamu wa papa hapa Pwani: msichana wa kijijini anavutwa na ahadi ya kazi ng'ambo, na nyuma ya ahadi hiyo kuna watu wanaouza binadamu.

Hizi ni habari za Likoni kabisa, huku ng'ambo ya feri kutoka kisiwa cha Mombasa. Kuanzia Timbwani hadi Mtongwe si rahisi kukuta nyumba isiyo na binti, shangazi au jirani aliyekwenda Saudia au Qatar kufanya kazi za ndani, au aliyeahidiwa kwenda na pesa zake zikaliwa na wakala. Habari ya wazee wa Kilifi wanaosingiziwa uchawi ili mashamba yao yagawanywe nayo haihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote anayepanda matatu pale kituo cha feri. Lau visa hivi vingekuja kama umbea, vingekwisha kuzunguka mitaa yote kabla ya adhuhuri. Vimekuja kama filamu, tena filamu zilizochaguliwa kuiwakilisha nchi, na mtu akikwambia Likoni kwamba ameziona zote tatu, basi huyo ama aliigiza ndani yake ama ana rafiki aliyeigiza.

Tusiharakishe kusema watu wa huku hawapendi filamu. Likoni inatazama filamu usiku na mchana. Kuna duka la muvi, kijana na kompyuta yake na orodha ndefu iliyobandikwa ukutani, unampa flashi anakutilia unachotaka na mara nyingi usichokitaka, kwa sababu yeye ndiye anayejua kipi kimeingia wiki hii. Kuna mabanda ya video, ambako mpira wa Ulaya ukiisha huwekwa filamu ya Kichina au ya Kihindi iliyotafsiriwa na DJ Afro, yule mtangazaji wa filamu ambaye Kiswahili chake cha mtaani kimewafanya wengi waamini kwamba mwigizaji wa Hong Kong alizaliwa Eastleigh. Kuna televisheni ya jioni, na hapa wanawake wa Likoni ni majaji wakali kuliko wowote: Sultana, tamthilia ya Citizen TV iliyotayarishwa na Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla, ilijadiliwa vibarazani kama kesi ya jirani. Na kuna simu. Simu ndiyo sinema ya walio wengi sasa, kwa vipande vya dakika mbili tatu, mpaka bando iishe.

Katika njia zote hizo, hakuna hata moja ambamo mtu huuliza filamu imepata tuzo gani. Muuza muvi haoni haja ya kuandika ukutani "Hii imeshinda Kalasha," ile tuzo ya filamu ya Kenya. Angejua kwamba inasaidia kuuza, angekwisha kuandika.

Je, zamani tuzo iliuza filamu? Mombasa ilikuwa na majumba ya sinema kisiwani, Regal, Majestic, Naaz, Kenya Cinema, na mtu wa Likoni aliyetaka filamu alivuka feri. Filamu zenyewe nyingi zilikuwa za Kihindi, na tuzo iliyokuwa na jina kwa wapenzi wa filamu hizo ilikuwa Filmfare, iliyoanza kutolewa Bombay mwaka 1954. Oscar ilikuwa jambo la Wazungu. Lakini hata Filmfare haikuwa mwalimu wa mtu. Chukua Sholay, iliyotoka Agosti 1975. Sijui filamu ya Kihindi iliyokaa katika vichwa vya wazee wa Mombasa kuliko hiyo. Wako mababu ambao mpaka leo huwatishia wajukuu kwa sauti ya jambazi wake, Gabbar Singh. Majaji wa Filmfare mwaka huo waliipa Sholay tuzo moja tu, ya uhariri. Filamu bora ikawa Deewaar. Deewaar ni filamu nzuri, wala Amitabh Bachchan hakupoteza kitu kwani alikuwa ndani ya zote mbili, na waandishi walikuwa walewale, Salim na Javed. Ila umma ulikwisha kutoa hukumu yake kwa miguu, na Filmfare ilichukua karibu miaka thelathini kuifikia: mwaka 2005, ikiadhimisha sherehe yake ya hamsini, iliitaja Sholay kuwa filamu bora ya miaka hamsini.

Ninalipenda tukio hilo kwa sababu linaonyesha kitu ambacho enzi ya mtandao imekiondoa. Majaji walikosea, au tuseme walichagua tofauti, lakini kila mtu aliweza kuona kwamba wamechagua tofauti. Foleni ilikuwa barabarani. Mwenye sinema alijua, mwenye gazeti alijua, hata muuza karanga pale mlangoni alijua ni filamu ipi inarudishwa kwa mara ya nne. Tuzo na umma vilikuwa wapinzani wawili katika uwanja mmoja, na ubishi wao ndio ulioipa tuzo uhai. Tuzo isiyoweza kubishiwa kwa kuwa hakuna aliyeiona filamu ni kitu kingine kabisa.

Hapo ndipo linapoingia sharti la siku saba. Akademia ya Marekani inayotoa Oscar hutaka filamu ya kimataifa iwe imeonyeshwa katika sinema ya kulipia, nchini inakotoka, kwa siku saba mfululizo. Sharti hilo ndilo lililoipeleka Rafiki ya Wanuri Kahiu mahakamani. Filamu hiyo ya mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes, Mei 2018, wakati hapa nyumbani ilikwisha kupigwa marufuku na Bodi ya Uainishaji wa Filamu mwezi mmoja kabla. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, si zaidi, ili filamu ipate sifa ya kuwania. Watu wa Nairobi wakafurika. Na baada ya yote hayo kamati ya Kenya ikaichagua filamu nyingine, Supa Modo ya Likarion Wainaina, ambayo kwa maoni yangu ilistahili bila kuhitaji msaada wa marufuku ya mtu. Siku saba zilipokwisha, Rafiki ikarudi kifungoni.

Kwa mtu wa Likoni, sharti la siku saba lina jiografia yake. Sinema ya kulipia iliyo karibu ni ile ya Nyali. Uvuke Kilindini kwa feri, ambayo kwa mwenda kwa miguu ni bure, ushike matatu ukate kisiwa, uvuke tena Daraja la Nyali, ununue tiketi, halafu urudi usiku kwa njia hiyohiyo ukiomba feri isiwe na shida. Filamu ya Pwani ikitimiza siku zake saba mahali kama hapo, au Nairobi, imetimiza sharti la Hollywood. Imeshaonyeshwa nchini kwake, kwa mujibu wa karatasi. Kisha inaondoka kwenda kwenye matamasha, na mtayarishaji, kwa sababu zinazoeleweka, huifungia ili asiharibu soko kabla ya kupata mnunuzi. Hivyo hadithi ya binti wa Pwani inaweza kuvuka bahari mbili kabla haijavuka feri moja.

Sinema zenyewe zilipofungwa kwa sababu ya korona, mwaka 2020, Akademia ililegeza masharti: filamu iliyokuwa imepangiwa sinema ikaruhusiwa kuwania hata kama ilitokea mtandaoni tu. Ilikuwa ruhusa ya dharura na baadaye ikaondolewa, ila mlango ulikuwa umeshaonekana. Wafaransa walikuwa wamekwisha kukasirika mapema zaidi. Mwaka 2017 filamu mbili za Netflix ziliingia kwenye shindano la Cannes, wenye sinema wakapiga kelele, na kuanzia 2018 tamasha likaamua kwamba haishindani filamu isiyopelekwa katika sinema za Ufaransa. Hollywood ilivutana zaidi, kisha ikasalimu amri: mwaka 2019 Roma ya Alfonso Cuarón, filamu ya Netflix, ilichukua Oscar tatu, na Machi 2022 CODA ya Apple ikawa filamu ya kwanza ya jukwaa la mtandaoni kushinda tuzo ya filamu bora. Mwaka 2025, Sean Baker alipopokea tuzo ya uongozaji kwa Anora, aliitumia nafasi hiyo kuwasihi wenzake waendelee kutengeneza filamu za kutazamwa sinemani. Alisikilizwa vizuri ukumbini. Huku kwetu sherehe hiyo ilianza usiku mkubwa, tena ndani ya Ramadhani, na waliokuwa macho Likoni walikuwa macho kwa ajili ya daku.

Mtu angetarajia kwamba majukwaa ya mtandaoni yangemaliza tatizo la feri. Filamu haihitaji tena ukumbi wala nauli. Netflix ilifika Kenya Januari 2016, na Septemba 2021 ikatoa hata huduma ya bure kwa wenye simu za Android, sehemu ya filamu zake bila malipo wala matangazo. Ilidumu miaka miwili hivi. Novemba 2023 ikafungwa. Showmax nayo ilitengeneza kazi za Kenya kwa bidii, Crime and Justice, Single Kiasi na nyingine. Januari 2024 Amazon ikatangaza kwamba inaacha kuagiza kazi mpya kutoka Afrika. Watayarishaji wa Nairobi walioanza kuzoea neno "jukwaa" kama zamani walivyozoea neno "mfadhili" wakagundua kwamba maneno hayo mawili yana tabia moja: yote hufunga ofisi bila kukuaga.

Jambo lililobadilika zaidi ni hesabu. Filamu ikiwa sinemani, watazamaji wake wanahesabika kwa tiketi. Ikiwa jukwaani, hesabu ziko mikononi mwa mwenye jukwaa, naye hutoa anazotaka. Netflix ilianza kuchapisha orodha ya kumi bora kila wiki mwishoni mwa 2021, lakini filamu ndogo ya Kiswahili isiyofika kumi bora huzama kimya, na aliyeitengeneza mara nyingi hawezi kumwambia mtu yeyote ni wangapi waliitazama, wapi, na walifika dakika ya ngapi kabla ya kuiacha. Sasa mtu huyo akimwendea mwekezaji kwa ajili ya filamu ya pili atashika nini mkononi? Atashika tuzo. Ndiyo ushahidi pekee unaoonekana.

Kwa sababu hiyo mimi siungani na wanaosema kwamba tuzo zimekufa. Zimeongezeka. Kenya Film Commission ilianzisha Kalasha mwaka 2009. Watayarishaji wa Riverwood, wale wa filamu za haraka za River Road, wakajiundia zao. MultiChoice ikaanza kutoa AMVCA mjini Lagos mwaka 2013, na humo kukawa na kitengo cha kazi za Kiswahili. Kabla ya hapo ilikuwepo AMAA, ya tangu 2005, ambayo mwaka 2009 ilimpa Wanuri Kahiu tuzo ya mwongozaji bora kwa From a Whisper, filamu inayotokana na shambulio la bomu la Nairobi la 1998. Kahiu hakutoka hapo na watazamaji wengi zaidi Likoni. Alitoka na jina lililomfungulia milango ya wafadhili na matamasha, na miaka tisa baadaye alikuwa Cannes. Tuzo siku hizi ni barua ya utambulisho: imeandikwa juu yako, unaibeba wewe, lakini anayeisoma ni mtu mwingine aliyekaa nyuma ya meza na kalamu ya kutia sahihi. Mtazamaji hayumo katika mazungumzo hayo.

Ila mara moja kwa mwaka mtazamaji huitwa. Ni wakati wa kupiga kura. Vitengo kadhaa vya tuzo za Afrika hutegemea kura za umma, ama kwa sehemu ama kwa ukamilifu, na msimu ukifika simu za Likoni hujaa viungo: mpigieni kura mtoto wetu, bonyeza hapa, mwambie na jirani. Na watu hupiga. Hupiga kwa moyo mmoja, kwa kuwa mteule ni wa mtaa wa Shika Adabu au alisoma na dada ya mtu, na wengi wao hawajaona hata dakika moja ya kazi yenyewe, kwa kuwa iko kwenye jukwaa wasilolilipia. Wataalamu huwacheka kwa hilo. Wasiwacheke sana. Aprili 2025 Akademia ya Marekani ililazimika kutunga kanuni kwamba mjumbe haruhusiwi kupiga kura ya mwisho katika kitengo chochote mpaka awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa humo. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka tisini wazee wa Hollywood, wanaoletewa filamu hadi sebuleni, waliweza, katika vitengo vingi, kupiga kura kama shabiki wa Shika Adabu.

Kuna mashindano mengine ambayo hayana zulia jekundu, na ndiyo vijana wengi wa Likoni wanayoyawania. YouTube humruhusu mtu kuanza kulipwa kutokana na matangazo akifikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi kumi na miwili. Saa 4,000 haziombwi kwa hotuba. Anayetengeneza vichekesho vya mama mkwe na simu moja, ufukweni Shelly au kichochoroni Bofu, anajua kila asubuhi ni wapi watazamaji walimkimbia, kitu ambacho mwongozaji wa filamu ya Netflix haonyeshwi. Faida yake ni uaminifu wa hesabu. Hasara yake ni kwamba hesabu haina subira: haiwezi kumlipa mtu kwa kukaa miaka akifuatilia familia moja ya Kilifi, kama walivyofanya Lekow na King. The Letter isingefika saa 4,000 kwa vipande vya dakika mbili. Kazi kama hiyo inahitaji mtu wa kuichagua kwa makusudi, na hilo bado ni jukumu la jopo la majaji. Sioni kifaa kingine kinachoweza kulifanya.

Kinachonikera ni kwamba jopo likishachagua, kazi inaishia hapo. Zanzibar walilifikiria jambo hili mapema. Tamasha lao la ZIFF, lililoanza 1998, hutoa Jahazi la Dhahabu ndani ya Ngome Kongwe, lakini katika miaka mingi lilipeleka pia filamu vijijini, Unguja na Pemba, likatundika kitambaa cheupe kwa watu ambao hawangekuja mjini. Hakuna kinachozuia Kalasha kuweka sharti linalofanana na lile la siku saba la Wamarekani, ila kwa mahitaji yetu: filamu haiteuliwi mpaka ionyeshwe bure, walau jioni moja, katika kaunti ambayo hadithi yake imetoka. Uwanja wa shule ya msingi unatosha, na projekta, na spika za kukodi kwa watu wa harusi. Mombasa haikosi spika.

Najua jibu la watayarishaji. Watasema filamu ikionyeshwa Jumamosi usiku Likoni, Jumapili asubuhi iko kwenye flashi za duka la muvi kwa bei ya chai. Hofu hiyo ina msingi. Wizi umewafilisi watu wa River Road, na wa Bongo pia. Lakini nenda kwenye duka hilohilo leo uulize kama wana Subira, The Letter au Mvera. Kijana atapekua, atasema hana, kisha atakuuliza zinahusu nini. Ukimweleza ile ya binti na kazi ya ng'ambo atakuambia hiyo ingeuzika sana, kwa nini hawaitoi?

Oscar yenyewe, wakati huohuo, imeshaanza kufunga virago. Mwaka 1998, mwaka wa Titanic, zaidi ya watu milioni 55 waliitazama sherehe hiyo katika televisheni za Marekani. Mwaka 2021 walikuwa milioni 10 na kidogo. Imepanda tena tangu hapo, lakini Desemba 2025 Akademia ilitangaza kwamba kuanzia 2029 sherehe itaondoka ABC, ilikokaa kwa miongo, na kuhamia YouTube, bure, dunia nzima. Itakuwa katika programu ileile walimo wachekeshaji wa Likoni, ikigombea macho yaleyale. Sherehe hiyo huchukua zaidi ya saa tatu na kwa saa zetu huanza usiku wa manane, kwa hiyo wengi wa huku watangoja vipande asubuhi wakiwa kwenye foleni ya feri: nani alianguka ngazini, nani alilia, gauni la nani.